Nyumba inatengenezwa, watu wamo ndani

Pemba ni wachache wenye nyumba ya pili ya kuhamia wakati ya kwanza inatengenezwa. Nyumba ya urithi iliyoko Wete, Chake Chake au ndani ya shamba huachwa na wazee ikiwa na paa linalovuja, boriti zilizobunguliwa na ukuta mmoja uliofura, na familia huingia na watoto na mizigo yake ikitegemea kuitengeneza polepole. Linawezekana hilo, na lina faida yake, kwani anayelala ndani ya nyumba ndiye anayejua maji yanapita wapi, chumba gani kinanuka ukungu na mlango upi hukwama mvua ikinyesha.

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kuanza na kile ambacho wageni watakiona: vigae vya ukumbini, rangi ya barazani, mlango mpya wa mbele. Nyumba za kisiwa hiki huuliwa na maji. Anza pale maji yanapoingilia, juu kabisa, ushuke nayo mpaka kwenye msingi. Kabla hujabomoa chochote, kaa ndani mvua kubwa moja inyeshe. Shika kipande cha mkaa, uzunguke na taa, uweke alama kila palipo na tone au ukuta uliolowa. Alama hizo zitakuonyesha kazi ilipo kuliko maneno ya fundi aliyekuja kuitazama nyumba siku ya jua.

Mvua, karafuu na Ramadhani

Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kufungua paa. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ina upepo mkavu na jua la kiasi, na lipu hukauka vizuri bila ya kupasuka. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, nayo inafaa, ila jua ni kali na kazi ya saruji au chokaa inahitaji kumwagiwa maji mara nyingi zaidi.

Hapa Pemba, hata hivyo, kalenda ya mvua haitoshi. Msimu wa karafuu kwa kawaida huanza katikati ya mwaka, na ukiwa mzuri vibarua wote wamo mikarafuuni. Pesa inapatikana, mikono haipatikani. Walio na mashamba wangefanya vyema kutumia fedha za mauzo ya karafuu kununua mabati, mbao na saruji mapema, kisha wakaanza kazi wachumaji wanaporudi. Tena angalia uwanja. Ukimwaga mchanga na kokoto mahali panapoanikwa karafuu, utakuwa umejifungia mlango wa riziki kwa msimu mzima. Chagua pembe ya mchanga kabla gari halijafika.

Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwashi aliyefunga hatakiwi kubeba zege juani, na familia inahitaji jiko lake jioni. Pigia hesabu mwezi huo kuwa wa mapumziko. Kumbuka pia kwamba vifaa vingi huvuka bahari kutoka Unguja, Tanga au Dar es Salaam na kushushwa Mkoani au Wete, na bahari ikichafuka huchelewa. Usivunje kabla mbadala wake haujafika mkononi.

Paa kwanza

Kwa nyumba yenye watu, paa hufunguliwa chumba kimoja kimoja. Hamisha kila kitu kutoka chumba hicho, toa mabati au makuti, tazama kenchi na boriti, badilisha zilizooza, ezeka, ndipo uhamie cha pili. Turubai zito liwe tayari limekunjwa karibu na ngazi tangu asubuhi, maana mvua ya Pemba haibishi hodi. Boriti ijaribiwe kwa kuchomwa bisibisi, hasa pale ncha yake inapoingia ukutani, kwa sababu huko ndiko unyevu unakojificha. Ukiona njia za udongo za mchwa zinapanda ukutani, usizifute tu. Zifuate mpaka chini ujue zinakotokea.

Anayetaka boriti mpya za mikoko ajue kwamba misitu ya Zanzibar inalindwa kwa Sheria Namba 10 ya mwaka 1996, na kukata mikoko bila ya kibali ni kosa. Aanze kwa sheha na maofisa wa misitu. Mara nyingi mbao iliyotiwa dawa ndiyo njia nyepesi, na pwani yetu inaihitaji mikoko ikiwa imesimama.

Ikiwa paa ni la shiti za kijivu za asbesto, kama zile zilizoezekea majengo mengi ya miaka ya nyuma, usizikate kwa msumeno, usizivunje wala usizisugue. Nyuzi zake zikivutwa ndani huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Shiti nzima iliyotulia haina hatari kubwa. Ikibidi kutolewa, watu wote wahame nyumba, shiti zilowanishwe na zishushwe nzima nzima chini ya usimamizi wa wenye ujuzi, na mamlaka iulizwe zitakapozikwa. Kamwe zisifanywe ua wa kuku.

Ukuta utengenezwe kwa kilichoujenga

Hapa ndipo nyumba nyingi za zamani zinapouliwa na watu wanaozipenda. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa taratibu kupitia lipu yake. Ukiupaka saruji, unauziba. Maji hayawezi kutoka, hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na ncha za boriti huanza kuoza ndani kwa ndani. Baada ya masika chache lipu ya saruji huanguka vipande vipande, na fundi huambiwa aongeze saruji. Magofu ya Ras Mkumbuu yana kuta za matumbawe na chokaa ambazo zimesimama zaidi ya miaka 500.

Basi toa lipu iliyoachana na ukuta, uache ukuta ukauke kwa majuma kadhaa, na upige lipu ya chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi. Nunua ule wa machimbo yanayoruhusiwa na Serikali. Lowanisha ukuta kwanza, piga tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, liache lishike kabla ya kuongeza la pili, na ulifunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku kadhaa. Ukiizima mwenyewe chokaa iliyochomwa tanuuni, fahamu kwamba huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, mimina chokaa kwenye maji na si maji kwenye chokaa, na shimo la kuizimia lifunikwe kwa mbao nzito. Watoto wasilisogelee hata likishapoa.

Nyumba ya miti na udongo ina kanuni hiyo hiyo. Saruji haishikamani na kiambaza. Hupasuka, maji hupita nyuma yake na mchwa hupata njia isiyoonekana. Badilisha nguzo na fito zilizooza moja moja, kandika kwa udongo uleule, ngoja upasuke, ziba nyufa kwa mkandiko wa pili, umalizie kwa chokaa nyembamba. Ongeza upenu, na uchimbe mfereji utakaoyapeleka maji ya paa mbali na ukuta. Mfereji huo ni rahisi kuliko lipu yoyote, na ningeuchimba hata kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Ufa mwembamba wa lipu haukutishi. Ufa wa mshazari unaopita kwenye mawe, au ukuta uliotoka tumbo, ni jambo jingine. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili. Ukirefuka, muite mhandisi. Ukuta unaobeba paa usifunguliwe zaidi ya kipande cha upana wa mita moja kwa wakati mmoja, tena baada ya kuegemezwa kwa mihimili, na usiku huo asilale mtu upande wowote wa ukuta huo. Jumba la Beit el-Ajaib la mjini Unguja, lililojengwa 1883 zama za Sultan Barghash, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo kubwa kama lile liliporomoka mikononi mwa mafundi, ukuta wa nyumba yetu haufai kubahatishwa.

Kuishi katikati ya vumbi

Pawepo siku zote chumba kimoja kikavu kinachofungika, choo kinachofanya kazi na mahali pa kupikia. Choo kipya kimalizike kabla cha zamani hakijafukiwa, na shimo lake liwe mbali na kisima, upande wa mteremko ambao maji yake hayaelekei kisimani. Mapipa ya maji ya kazi yafunikwe, kwani mbu wa homa ya dengi huzaliana humo ndani ya siku chache. Vumbi lizuiwe kwa turubai lililoning'inizwa mlangoni kuanzia juu hadi sakafuni. Rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imelowa kwa kuwa huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu walale kwa jamaa katika siku za kubomoa.

Jambo la sitara lipangwe siku ya kwanza. Mafundi wapewe mlango mmoja wa kuingilia, njia ya uani ibaki ya watu wa nyumba, saa za kuanza na kumaliza zijulikane, na pasiwe na fundi anayepanda juu ya paa bila ya kutoa taarifa, kwani kutoka huko huuona ua wa jirani pia. Mjulishe jirani huyo mapema. Ugomvi mwingi wa ujenzi hautokani na mpaka bali na mtu kuchunguliwa nyumbani kwake.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ukuta haujachomwa patasi. Tangu kisiwa kilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, nyumba nyingi zimeongeza friji na feni juu ya nyaya za zamani zisizolingana na mzigo huo. Paa likiwa wazi ndiyo nafasi ya kuzibadilisha zote, kwa fundi mwenye leseni, na ya kuhakikisha nyumba ina waya wa ardhi.

Kwa mjini, kibali cha ujenzi huulizwa Baraza la Mji. Shamba, anza kwa sheha, na yeye huyo awe shahidi wa maandishi yenu na fundi. Lipa kwa hatua: paa la chumba hiki likiisha, fedha zake. Vifaa nunua mwenyewe na uviweke chini ya kufuli, saruji juu ya mbao isiguse sakafu. Weka kando sehemu moja ya tano ya bajeti yako, kwa sababu lipu ikitoka ukutani huonyesha mambo ambayo hayakuwemo kwenye hesabu. Rangi na vigae vingoje mpaka masika moja ipite juu ya paa jipya. Mvua ya kwanza ikinyesha, chukua tena mkaa na taa, uzunguke.