Mdogo wangu, utampeleka wapi kula?

Mdogo wangu, tulia kwanza nikwambie. Huku kuhangaika kati ya hoteli ya Masaki na ugali wa kwa mama ntilie hukuanza wewe. Wengi jambo hili linawasumbua, hasa mshahara ukitoka, au mama akija mjini kutoka Moshi, au yule mnayeanza kufahamiana akisema Jumamosi ana nafasi. Mnakosea pale mnapowaza watu watawaonaje, mkamsahau huyo mnayekula naye.

Chukua mama. Kazoea mtori na machalari, wewe unampandisha ghorofani anapewa menyu ya majina asiyoyajua, kisha inaletwa nyama yenye wekundu wa damu ndani. Hatalalamika. Atasema nimeshiba mwanangu, ahsante, halafu usiku anauliza kama kuna chai. Na bei ameiona! Hiyo ndiyo itakayomkosesha usingizi, maana anajua umepanga. Mpeleke palipo na ndizi nyama iliyoiva, maji ya kunawa yanayotiririka na kiti cha kuegemea. Hapo atakula, na atakusimulia ya nyumbani mpaka jua lizame.

Ila wewe kaka uliyeoa, usifanye maneno yangu kichaka cha kufichia ubahili. Mkeo anachambua maharage wiki nzima, siku ya kumbukumbu ya ndoa unamtoa mkale wali maharage? Inauma, hata asiposema. Siku hiyo mpe upepo wa bahari, meza yenye kitambaa, na mtu wa kumwandalia yeye. Anatamani walau jioni moja asiyoosha sufuria.

Tena uende umejipanga. Piga simu mapema, uliza kama bei zao zina VAT ndani na kama wanaongeza tozo ya huduma. Kwa kiwango cha asilimia 18, chakula cha shilingi 60,000 kilichoandikwa bila VAT kinafika 70,800, na hapo maji na juisi bado. Mtu hujikuna ajipatapo, mdogo wangu. Wapo wanaochukua mikopo ya kausha damu ili wapige picha mezani, mwisho wa mwezi wanazima simu wakimkimbia mdai. Na mapenzi uliyoyaanza kwa maonyesho, utayalisha maonyesho hayo hadi lini?

Kula chakula cha nyumbani si aibu. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg, tajiri wa Facebook, alipofika Nairobi alikwenda kwenye mgahawa wa Mama Oliech akala ugali na samaki. Wewe unamwonea haya nani?

Lakini na huko kwa mama ntilie uchague, usijiendee tu. Fika saa sita, chakula kikiwa kimetoka jikoni. Ukichelewa hadi saa tisa unakula cha kupashwa. Angalia maji ya kuoshea vyombo, angalia kama kachumbari imefunikwa. Roho ikisita, ondoka. Usile kwa kuona haya, tumbo ni lako na usiku utakuwa wako.

Basi Jumamosi hii, kabla hujatangaza kwamba unamtoa mtu, muulize anatamani kula nini. Akikwambia samaki wa kukaanga na ugali, mwamini, umpeleke huko.