MTOTO AKIMWELEZA MWENZAKE DINI YAKE

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti watoto wa dini mbalimbali huchunga ng'ombe pamoja na kuchota maji pamoja. Mmoja ni Mkatoliki, wa pili Mmenonite, wa tatu Msabato, na wa nne wazazi wake hufuata mila za mababu. Watoto hawa huulizana maswali ambayo sisi watu wazima huona haya kuulizana.

Tuchukue mfano. Familia moja imehamia kijijini kwenu kutoka mjini. Ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi huwaita Wamormoni. Binti yao ana miaka saba. Tumwite Bhoke. Amekuja kucheza na binti yako Ghati, nawe unawamiminia chai.

"Asante mama, mimi sinywi chai," anasema Bhoke.

"Unaumwa?" anauliza Ghati.

"Siumwi. Kwetu hatunywi chai wala kahawa. Baba hanywi pombe wala havuti sigara. Mungu ametukataza."

"Hata chai?"

"Hata chai. Uji nakunywa."

Hapo Bhoke amekwisha kuitangaza dini yake. Hakuhubiri. Aliulizwa, akajibu. (Na uji wa ulezi una nguvu kuliko chai.)

Jioni Ghati naye anakataa chai. Jumapili anataka kwenda kusali na kina Bhoke. Mume wako anakasirika. "Wanatuibia mtoto!" anasema. "Juzi baba yake alikaribishwa penye chungu cha pombe, akakataa mrija mbele ya wazee. Huyo mtoto asifike tena hapa."

Je, utamfukuza Bhoke? Kwanza yafaa kujua mambo machache.

Kanisa hilo lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith. Serikali ya Tanzania ililitambua mwaka 1992. Waumini wake husoma Biblia, na pia Kitabu cha Mormoni, ambacho kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2000. Katazo la pombe, tumbaku, chai na kahawa hutokana na mafundisho ya mwaka 1833. Joseph Smith alieleza kwamba alikuwa na miaka 14 alipokwenda msituni peke yake kumwuliza Mungu ni kanisa lipi la kweli. Alipomsimulia mhubiri mmoja, mkubwa yule alimdharau.

Wamormoni hawabatizi watoto wachanga. Hubatiza kuanzia miaka minane. Lakini mtoto wa mtu hawambatizi bila ruhusa ya wazazi wake. Basi Ghati haibiwi kwa kusikia habari za chai.

Tukumbuke pia kwamba Wamisionari wa Kimenonite walipofika Shirati mwaka 1934, nao walikuwa wageni wenye mambo mageni. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, mwenyeji wa huku, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Leo hakuna anayeshangaa kusikia jirani ni Mmenonite.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, yasema kutangaza dini ni huru na ni hiari ya mtu. Kwa hiyo Bhoke ana haki ya kujibu. Ghati naye hawezi kulazimishwa. Kibaya ni mtu mzima kumtuma mtoto awavute wenzake kwa peremende, au kumcheka mtoto kwa sababu ya dini ya kwao.

Nenda kwa jirani yako. Piga hodi. Mwambie, "Mama Bhoke, watoto wetu wanazungumza habari za Mungu. Nataka nami nijue mnafundisha nini." Mwulize ibada yao huchukua muda gani, na nani huwaangalia watoto. Kisha kaa na mumeo, mwamue kama Ghati ataenda au atabaki. Mkikataa, mwelezeni Ghati sababu. Bhoke aendelee kuja kucheza. Mpikie uji.

ZUNGUMZENI DARASANI

Kwa nini baba Ghati alikasirika? Ni kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya ule mrija?

Mtoto wako akiulizwa na mwenzake, "Ninyi mnaamini nini?" ataweza kujibu?