Ufahamu: Benjamin Stoddert, Waziri Asiyekuwa Baharia

Mtahiniwa, soma kifungu hiki mara mbili. Mara ya kwanza pata habari yenyewe. Mara ya pili pigia mstari kila sababu na matokeo yake.

Benjamin Stoddert alizaliwa Maryland mwaka 1751. Alipigania uhuru wa Marekani na kujeruhiwa katika mapigano ya Brandywine mwaka 1777. Baada ya vita alifanya biashara ya tumbaku katika bandari ya Georgetown, akatajirika.

Mwaka 1785 Marekani iliuza manowari yake ya mwisho. Meli zake za biashara zikabaki bila mlinzi, na kufikia mwaka 1797 Wafaransa walikuwa wamekamata zaidi ya 300. Ndipo Wizara ya Jeshi la Majini ilipoanzishwa, Aprili 1798. Rais John Adams alimteua Stoddert kuwa waziri wa kwanza.

Stoddert hakuwa baharia, bali mtu wa hesabu na mikataba. Baadhi ya meli za biashara zilinunuliwa zikageuzwa manowari. Wafanyabiashara wa miji ya pwani walijenga nyingine na kupewa hati za deni la serikali. Katika muda usiozidi miaka mitatu, jeshi lilikuwa na meli zipatazo 50. Nyingi alizipeleka Bahari ya Karibi, kulikokuwa na hatari kubwa zaidi. Aidha, alinunua ardhi ya karakana sita za manowari.

Aliacha uwaziri mwaka 1801. Biashara ya ardhi aliyoitegemea ilimwangusha, na alipofariki mwaka 1813 alikuwa na madeni.

Maswali
1. Kwa nini Marekani ilihitaji jeshi la majini? (alama 2)
2. Ujuzi wa biashara ulimsaidiaje Stoddert? (alama 3)
3. Eleza kinaya kilichomo katika maisha yake. (alama 3)
4. Eleza maana ya "hati za deni" kama lilivyotumika katika kifungu. (alama 2)

Dokezo
Katika swali la 2, jibu "alikuwa hodari" halipati alama, kwa kuwa halina ushahidi. Andika alichofanya: alipata meli kwa ununuzi na mikataba badala ya kusubiri zote zijengwe upya. Katika swali la 3, linganisha pande mbili: aliisimamia vyema mali ya taifa, lakini yake mwenyewe ikamponyoka. Ukitaja upande mmoja, umepoteza nusu ya alama.