Maziwa ya Jioni na Jibini ya Cucu

Hapa Gakindu, maziwa ya asubuhi yana mwenyewe: yanangojwa kwenye kituo cha ushirika. Ya jioni ndiyo hubaki nyumbani. Watoto wakishakunywa na chai ikishapikwa, hubaki lita mbili hivi, na hizo ndizo cucu wangu, yaani nyanya yangu, alizozigeuza jibini laini ya kupaka. Alijifunza kazi hiyo zamani za ukoloni, alipokuwa akipika katika shamba la mzungu upande wa Naro Moru. Aliporudi nyumbani akaitia dhania na kitunguu saumu, ikawa yetu.

Naieleza kama alivyoifanya, ila jambo moja nimelibadilisha. Cucu hakuchemsha maziwa. Wewe chemsha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa unaomwacha mtu na homa ya kuja na kwenda na maumivu ya viungo kwa miezi, na hata kifua kikuu cha ng'ombe. Maziwa kuganda si dawa ya vijidudu hivyo, na chumvi kidogo ya jibini laini haiwezi kuvimaliza. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio huumia zaidi.

Chuja maziwa, yachemshe mpaka yapande, punguza moto, endelea kukoroga dakika mbili tatu. Kisha tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka maziwa yawe vuguvugu, kidole kisihisi moto wala baridi. Tia nusu kikombe cha mala (maziwa ya mgando) ya pakiti isiyo na sukari na ambayo tarehe yake haijapita. Koroga, funika, funga sufuria kwa blanketi, uiache usiku kucha. Mwezi wa Julai, ukungu ukikaa mpaka saa tano, iweke karibu na jiko na uipe siku nzima.

Isipoganda, usikimbilie kulaumu mala. Uliza kama kuna ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele. Mabaki ya viuavijasumu huua bakteria wanaogandisha maziwa, na maziwa hayo hayafai hata kwa chai mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa.

Mala ikishaganda vizuri, imimine kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Cha cucu kilikuwa mfuko wa unga wa zamani, umefuliwa mpaka maandishi yamefutika. Alifunga ncha nne, akautundika kwenye msumari juu ya sufuria, nasi tukalala tukisikia matone. Usiukamue kwa mkono kwa haraka. Jibini itapenya kwenye nyuzi. Wala usiipashe moto mala ili maji yatoke upesi. Waethiopia hupasha moto maziwa ya mgando yaliyokwisha kutolewa siagi, wakapata ayib, jibini ya chengachenga inayopendeza kwa injera. Yetu tunataka ipakike kama siagi.

Baada ya saa kumi hivi utapata zaidi ya nusu kilo. Twanga punje mbili za kitunguu saumu pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi mpaka ziwe uji. Osha dhania, ikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha uikate ndogondogo. Majani yenye maji huharakisha kuharibika. Changanya vyote na pilipili manga na ganda la limau lililokunwa. Ukionja papo hapo, kitunguu saumu kitakuchoma. Ngoja mpaka kesho yake, ndipo viungo vinapokubaliana.

Paka kwenye nduma ya moto. Nduma ni kavu, jibini ina unyevu na ukali wa mala, na kwangu mimi mkate hauwezi kushindana nayo.

Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya friji, uandike tarehe juu yake, na iliwe kabla ya siku tano kwisha. Ukiona ukungu, tupa yote. Usikwangue juu ukala chini, maana kwenye jibini laini mizizi ya ukungu huenda mbali kuliko jicho linavyoona. Ukitaka kuuza, pata kwanza leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

Yale maji yaliyodondoka usiyamwage. Yakandie unga wa chapati asubuhi hiyohiyo.