Tupange Matunzo ya Wazee Wetu Mapema

Somo letu la leo linahusu kazi ambayo dawa za zahanati haziwezi kuifanya. Ni kazi ya wewe na jamaa zako.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Siku moja alfajiri, vijana wawili walimleta baba yao kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mdomo wa mzee ulikuwa umepinda. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea. Hakuweza kusema. Alikuwa amepatwa na kiharusi.

Nilimlaza ubavu, nikaandika barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya. Nauli ya gari haikuwa tayari, ingawa nyumbani kwao kulikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Tulipokuwa tukingoja, kijana mkubwa alinivuta kando. Alikuwa na karatasi na kidau cha wino. Karatasi ilisema kuwa shamba lote ni lake. Alitaka mzee aweke dole gumba, na mimi niwe shahidi.

Nilimsomea mzee karatasi ile. Nikamwuliza kama ameelewa. Alinitazama tu, machozi yakamtoka. Nilikataa kuwa shahidi. Mdogo mtu alipopata habari, nusura wapigane mbele ya mgonjwa. Mama yao alikuwa amekaa chini ya mwembe. Hakuna aliyemwuliza neno.

Mzee yule aliishi miezi mitatu. Hakusema tena. Alilolitaka juu ya shamba lake hatulijui mpaka leo.

KWA NINI TUPANGE MAPEMA?

Kiharusi hakipigi hodi. Mara nyingi hutokana na shinikizo la damu, na mtu mwenye shinikizo la damu anaweza kujiona mzima kabisa. Kwa hiyo kila mzee apimwe. Akipewa dawa, azitumie kila siku, hata akijisikia vizuri.

Wazee wengine hupatwa na ugonjwa wa kusahau. Mzee husahau njia ya kwake, au majina ya watoto wake. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si laana.

Magonjwa haya huweza kuondoa sauti na akili ya mtu. Na sheria inataka mwenye kutoa wosia awe na akili timamu. Basi wakati wa kusema ni sasa, mzee angali anasema.

KUPANGA MATUNZO

Kaeni kikao cha jamaa. Mzee mwenyewe awepo, naye aulizwe kwanza. Kubalianeni juu ya mambo haya:

1. Nani atalala karibu na mzee? Nani atachota maji na kuleta kuni? Nani atampeleka kliniki?

2. Walio mjini watatoa nini kila mwezi? Kazi yote isimwangukie binti mmoja au mkamwana mmoja. Mtunzaji naye huchoka. Apewe siku za kupumzika.

3. Mzee akizidiwa ghafla, nauli itatoka wapi? Kama ni kuuza mbuzi au ng'ombe, nani ana ruhusa ya kumwuza?

4. Mzee akishindwa kusema, anataka nani azungumze na waganga kwa niaba yake?

Wekeni mfuko mmoja mahali panapojulikana. Ndani yake pawe na kadi ya kliniki, kadi ya bima kama anayo, kitambulisho cha taifa na hati ya shamba.

KUANDIKA WOSIA

Watu wengi husema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Ndugu msomaji, mkulima anayejenga ghala haiti njaa. Wosia haumnyang'anyi mzee mali yake. Maadamu yu hai, mali ni yake. Akibadili nia, anaweza kuandika wosia mwingine.

Kwa wanaofuata sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, wosia wa maandishi uwe hivi:

Uandikwe kwa wino, si kwa penseli. Uwe na tarehe. Utaje kila mali, na nani apewe. Mwenye wosia atie sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika.

Kama anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili: mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kama hajui, wasipungue wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa mdomo pia unahitaji mashahidi wanne wa namna hiyo. Anayepewa mali asiwekwe katika hesabu ya mashahidi hao.

Mwislamu anayefuata sheria ya dini yake anaweza kuusia fungu moja tu katika mafungu matatu ya mali yake. Mafungu yanayobaki hugawanywa kwa warithi kama dini inavyoagiza.

Wosia utunzwe mahali salama. Wakala wa serikali uitwao RITA hupokea na kutunza wosia. Baada ya kifo, jamaa huchagua msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa mahakamani. Kwa mirathi ya mila na ya Kiislamu, mnaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni na kuwagawia warithi. Kuwa msimamizi hakumpi mtu ruhusa ya kula vyote.

MAMA ASISAHAULIWE

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi haina nguvu. Mume na mke wanaweza kuandikisha shamba kwa majina yao wote wawili katika hati ya hakimiliki ya kimila. Fanyeni hivyo mngali wazima. Ugomvi wa shamba ukitokea, nendeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Tafuteni pia msaidizi wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 inamtambua, na msaada wake ni bure.

Ndugu msomaji, jioni ya leo kaa na baba au mama yako. Usianze kwa kumwuliza shamba atampa nani. Mwulize kwanza: "Ukiugua, ungependa tukutunze namna gani?" Mengine yatafuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mganga alikataa kuwa shahidi?

2. Mzee asiyejua kuandika anahitaji mashahidi wangapi katika wosia wake?

3. Katika kijiji chenu, nani hubeba kazi ya kutunza wazee? Mnawezaje kuigawa?

4. Je, hati ya shamba lenu ina majina ya nani?