Ukoka Uani: Raha na Kazi Zake



Tulipoanza kuwashauri akina mama wa hapa Kombewa wapande ukoka uani, nyanya mmoja alitukatiza: "Mnataka wapita njia waseme hapa ni gunda?" Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana alisema kweli. Kwetu boma lililoota nyasi ni mahame, na bidii ya mama hupimwa kwa uwanja aliofagia mpaka ukang'ara.

Lakini hebu tazama msingi wa nyumba yako. Ufagio wa kila asubuhi hulegeza udongo, na mvua kubwa za Machi hadi Mei huubeba. Tumeona nyumba ambayo kizingiti chake kimebaki kikining'inia, na maji yamejichimbia njia mpaka chooni. Hiyo ndio sababu ya somo hili. Mizizi ya ukoka hushika udongo.

Nyasi za kununua, hapana. Zile za Kikuyu zinazopendeza kule Limuru hupenda baridi. Joto la ziwani huzichosha. Ukoka uko kando ya njia. Kata vipande vyenye vifundo vitatu vinne, lima uwanja, panda mvua ikianza, futi moja kati ya kipande na kipande, kisha kanyaga udongo ushikamane. Chini ya mwembe usijisumbue, ukoka hautaki kivuli. Hapo weka viti tu.

Sasa kazi. Magugu yang'olewe kwa mkono, hasa miezi ya kwanza. Ukifyeka usinyoe mpaka udongo uonekane. Ondoa kama theluthi moja ya urefu. Slasha iwe na makali, mawe yaokotwe kwanza, watoto wakae mbali. Mbuzi wa kamba atasaidia. Ng'ombe wakati wa matope, hapana! Tena ukoka ni mwizi: utaingia kwenye sukuma wiki usipochimba mtaro mdogo katikati na kuukata kila unapovuka.

Na yule nyanya? Tulipatana hivi: kuzunguka nyumba aache ukanda wa hatua mbili bila nyasi, uwekwe kokoto ili maji ya paa yasichimbe na nyoka aonekane mapema. Abakize pia mahali pa kuanika mahindi. Kwingine kote ukoka.

Wengine hufyeka wakidhani malaria itaisha. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, si kwenye nyasi. Mwageni maji ya makopo, na mlale ndani ya neti.

Raha yenyewe huja jioni upepo wa ziwa ukianza. Mkeka unatandikwa, watoto wanabingirika na hawarudi wekundu kwa vumbi. Siku za matanga watu wanaukanyaga wiki nzima, na mvua moja ikinyesha unachipuka tena. Yule nyanya siku hizi huketi hapo akichambua mboga, ingawa kokoto zake bado anazifagia mara mbili kwa siku.

Swali la kikundi: Katika boma lenu, nani hushika slasha, na nani huja tu mkeka ukishatandikwa?