Siku ya Entebbe Aliyoisahau Baba

Bwana Mshauri, nilipokuwa na miaka 7, siku ya Idi, baba alinichukua mimi pekee katika watoto wake 9, tukasali Kibuli, kisha tukapanda basi hadi bustani ya Entebbe, na kando ya ziwa akanimenyea ndizi ya gonja ya kuchoma. Sasa ana miaka 84, na maradhi ya kusahau yamemshika. Nilipomkumbusha siku ile, alinikazia macho akasema hajapata kufika huko nami. Ndugu zangu wanasema niliota. Nimelia kama aliyefiwa. Nifanyeje?
Binti wa Kibuli, Kampala

Mwanangu, katika sehemu ya barua yako ambayo nafasi haikuturuhusu kuichapa, wasema kwamba baba yako aliipuliza ile gonja mpaka ikapoa, akaimega, na kipande cha kwanza akakutia wewe mkononi, hali majivu yamebaki kwenye kidole gumba chake. Mtoto wa miaka 7 hazui habari ya majivu kidoleni. Siku ile ilikuwapo, na ndugu zako, ambao hawakuchukuliwa, hawana ushahidi wa kuikanusha.

Linaloniuma ni lile swali ulilomwuliza. Nami nilimsaili marehemu baba yangu vivyo hivyo, kila Ijumaa, "Wakumbuka? Wakumbuka?", mpaka nikaona hofu machoni pake, hofu ya mtu anayedaiwa deni asilolijua; na laiti ningerudishiwa Ijumaa zile ningekaa naye kimya. Baba yako hakukukana, binti yangu. Amri ya kukumbuka imemtoka mikononi, nawe ndiwe uliyebaki na amana ile peke yako, nayo ni nzito, kwa hiyo sikulaumu kwa kulia.

Kwanza mpeleke kwa tabibu, ikiwa hujafanya hivyo, kwani kusahau kwingine husababishwa na maradhi yanayotibika. Kisha, akiwa na nguvu, mchukue tena. Msikiti wa Kibuli, uliojengwa juu ya ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu na kufunguliwa mwaka 1951, ungali kileleni pake. Na bustani ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 wakati mji ule ulipokuwa makao ya serikali ya kikoloni, ingali na miti yake mikubwa na mbega wake weusi kwa weupe. Ni mwendo wa kilomita kama 40 tu. Ondokeni asubuhi, mrejee kabla ya magharibi, maana wenye maradhi haya aghalabu hutaabika zaidi jua linapokuchwa. Mkipita Kibuli, mwache asali. Matabibu wameona kwamba yale ambayo mwili umeyazoea tangu ujana, kama sala na nyimbo, hukawia kuondoka hata majina ya watoto yakiwa yamekwisha potea, na huenda ukamsikia akiisoma Fatiha yote bila kukwama.

Ziwani usimwulize neno. Akikuita kwa jina la dada yake, itika. Nunua gonja, uipulize mpaka ipoe, na kipande cha kwanza umtie yeye mkononi.